Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Haidroliki

SWALI: Mtambo wetu wa kuchimba hufanya kazi vizuri asubuhi, lakini mafuta yakishapata moto, mkono wake hunyanyuka kwa kujivuta na nguvu hupungua. Tunatumia mafuta ya namba 46. Fundi mmoja anataka tuhamie namba 68, mwingine anasema tuongeze tu 68 juu ya yaliyomo. Tumsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, usimsikilize yeyote kati yao kabla hujapima joto la mafuta mtambo ukiwa kazini. Namba hizo, zilizowekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3448, zinaeleza mnato wa mafuta, yaani jinsi yanavyokuwa mazito kutiririka, kwa kipimo cha sentistoki yakiwa na joto la nyuzi 40 za Selsiasi. Hazisemi lolote kuhusu ubora, wala 68 si mafuta yenye nguvu kuliko 46. Joto linapopanda, mnato hushuka kwa kasi: mafuta ya kawaida ya madini ya namba 46 hubaki na sentistoki kama 11 yafikapo nyuzi 80, na ya namba 68 hubaki na 15 hivi. Lakini hayo mafuta yako ya 46, yakipozwa hadi nyuzi 70, nayo huwa na sentistoki 15. Kwa hiyo faida unayoitarajia kwa kumwaga tangi zima na kununua mafuta mazito, utaipata kwa kushusha joto nyuzi 10 tu, tena bila kuitesa pampu kila asubuhi, wakati mafuta mazito na baridi yanapochelewa kufika kwenye njia ya kufyonza na kuzusha viputo vya mvuke vinavyotafuna chuma.

Swali lenyewe basi ni joto hilo linatoka wapi. Anza na rejeta ya mafuta, kwa kuwa vumbi lililochanganyika na mafuta hujishindilia katikati ya mapezi, mahali ambapo jicho likitazama kwa mbele halioni; ipulize kwa upepo kutoka upande ambao hewa ya feni hutokea, si ule inakoingilia. Hakikisha pia kwamba mafuta hayajapungua tangini. Kisha chunguza vali ya kulinda shinikizo. Ikiwa haifungi sawasawa, mafuta yenye shinikizo kubwa hupenya humo bila kufanya kazi yoyote na nguvu yake yote hugeuka joto, hata kiwiliwili cha vali hiyo kikawa cha moto kuliko mabomba ya jirani. Kipime kwa kipimajoto cha miale, usitumie kiganja. Mwisho, pima kiasi cha mafuta yanayovuja ndani ya pampu na kurudi tangini kupitia bomba lake la mpira. Kikizidi kinachoruhusiwa na kitabu cha mtambo, pampu imelika, na hakuna mafuta yatakayoirudishia chuma kilichokwisha.

Endapo kila kitu kitaonekana salama na bado kitabu kinaruhusu 68 kwa mazingira ya joto lenu, hamieni huko kwa kumwaga yote ya zamani. Mahali ambapo asubuhi ni baridi sana na mchana ni moto, mimi ningependelea mafuta ya kundi la HV, ambayo mnato wake haubadiliki sana kwa joto. Kuchanganya ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, si kwa sababu ya namba, maana 46 na 68 za aina moja hutoa mnato wa katikati, bali kwa sababu ya viongezi. Baadhi ya mafuta hukinga chuma kwa viongezi vyenye zinki na mengine hayana zinki kabisa. Yakikutana, huweza kufanya utando unaoziba filta na kukwamisha vali.

SWALI: Tunanunua mafuta mapya katika pipa lililofungwa kwa lakiri. Je, kuna haja ya kuyachuja?

JIBU: Haja ipo, na wengi huipuuza. Mafuta mapya ni mapya kwa viongezi vyake, lakini usafi wake mara nyingi haufikii ule unaotakiwa na pampu na vali za kisasa. Kiwango cha usafi wa mafuta cha ISO 4406 huhesabu chembe kuanzia mikroni 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali jicho huanza kuona chembe za mikroni 40 hivi. Kwa hiyo mafuta yanayong'aa kwenye chupa yanaweza kuwa yamejaa vitu vinavyosaga chuma. Yaingizeni tangini kwa pampu yenye filta, wala si kwa ndoo na faneli iliyokuwa imelala sakafuni.

Kuhusu lakiri, ni vyema ujue kwamba pipa lililosimamishwa nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko chake, na linapopoa usiku huyavuta ndani kupitia mikato ya skrubu ya vizibo. Lilazeni, vizibo viwili vikiwa katika mstari mmoja wa mlalo, ili vifunikwe na mafuta kwa ndani.

SWALI: Mafuta yetu yamekuwa meupe kama maziwa. Ni maji au ni hewa?

JIBU: Chota kiasi katika chupa safi inayoonyesha ndani na uiache itulie kwa saa moja. Ikiwa ni hewa, mafuta yataanza kung'aa kutoka chini kwenda juu, nawe utakagua maungio ya upande wa kufyonza. Yakibaki na ukungu, au maji yakituama chini, vaa miwani ya kukinga macho na udondoshe tone moja juu ya bati lenye joto la nyuzi zaidi ya 130: likitatarika, ni maji. Kagua kipumulio cha tangi, sili za silinda, na kipozaji ikiwa ni cha maji. Maji yaliyotuama yafungulie kizibo cha chini asubuhi kabla ya kuwasha. Yale yaliyokwisha kuvurugika na mafuta hayatoki kwa njia hiyo wala kwa filta ya kawaida. Ama myatoe kwa mashine ya kukausha mafuta, ama mbadilishe mafuta yote pamoja na filta, baada ya kuziba mahali yanapoingilia.