Mpindo wa grafu: weka rula kabatini kwanza

Grafu (vituo vilivyoungwa kwa mistari) nimeichora kwenye karatasi na karatasi imenyooka, huo mpindo unatoka wapi?

Jamani, swali hili kila wiki! Mpindo ni hesabu, mchoro hauhusiki. Kila kipeo (kituo) anza na 1, toa nusu ya kingo zake (mistari inayotoka hapo), alafu kwa kila uso (eneo lililozungukwa na kingo) unaokigusa ongeza 1 gawa kwa pande za uso huo. Mpira wa soka ule wa zamani, kila kona ina kingo 3, pentagoni moja na heksagoni mbili, unapata 1/30, kona ziko 60, jumla 2. Grafu bapa yoyote (kingo hazikatani) iliyoungana na yenye mwisho jumla ni 2, ukipata kingine ujue umeusahau uso wa nje, na wengi wenu ndo mnausahau huo huo.

Mpindo ukiwa chanya kila kipeo, grafu lazima iishe?

Lazima, ila kila kipeo kiwe na kingo 3 kwenda juu. Mwanahisabati Higuchi alibashiri 2001, wenzake DeVos na Mohar wakathibitisha 2007. Ukitoa prizimu na antiprizimu (vifuniko viwili sawa vilivyozungushiwa pembenne au pembetatu), vipeo havizidi 208.

Na ukiwa hasi unaweza kuisogelea sifuri kiasi chochote?

Hapana, hauisogelei sifuri kuliko -1/1806. Jaribu kipeo chenye nyuso za pande 3, 7 na 43.

Nimepanga pembetatu saba saba kila kipeo, nikakata kipande kikubwa, kompyuta inanipa aigenivalyu 0 (namba inayotoka kwenye Laplasiani, ile hesabu ya tofauti kati ya kila kipeo na majirani zake). Si mlisema mpindo hasi unainua spektra, yaani mkusanyiko wa namba hizo?

Tulisema na bado tunasema. Grafu nzima isiyoisha ina mpindo -1/6 kila kipeo, namba ya chini kabisa ya spektra ya Laplasiani iko juu ya 0. We umepima kipande, na kipande chochote ukiacha mpaka wazi kinacho 0, weka namba ileile kila kipeo imetoka hiyo. Tena kwenye mpindo hasi mpaka wa kipande haupungui ukilinganisha na ndani, ukuze utakavyo, kwahiyo unachopima ni mkasi wako. Lazimisha sifuri nje ya kipande, alafu kikuze, namba ya chini itashuka kuelekea jibu. Na msilete grafu za rangi rangi bila kusema mpakani mmefanya nini, sizisomi.

Spektra inaweza kuwa nukta nukta tu, namba zilizoachana bila mfululizo?

Mwanahisabati Keller, 2010: ndio, pale tu mpindo unaposhuka bila kikomo kila unakoelekea nje. Pembetatu zako saba haziwezi, zimeganda kwenye -1/6.