Kabla Hujalipia Marathoni ya Ng'ambo

Wanajogingi wenzangu wa Dar es Salaam huniuliza: nikitaka kukimbia marathoni nje ya nchi, nianze na ipi? Wengi huwa wameshajijibu kabla hawajauliza. Wanataka New York, London au Berlin, kwa kuwa ndizo wanazoziona kwenye simu kila msimu. Mimi huwaambia watoe pasipoti kwanza, halafu watazame saa. Habari ya medali tutaizungumza baadaye.

Kwa pasipoti ya Tanzania unaingia Afrika Kusini kwa ziara fupi bila viza, na Rwanda vilevile. Hapo tayari una Cape Town, na una Kigali ambako vilima vitakutia adabu mapema. Ulaya ni shughuli nyingine. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya (Uingereza haimo), unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na utatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 pamoja na taarifa za benki na barua ya mwajiri. Mtego uko hapa: nafasi kwenye mbio kubwa nyingi hutolewa kwa bahati nasibu, na ukibahatika unalipa ada ambayo kwa kawaida hairudi, hata ubalozi ukikunyima viza. Hiyo bahati yenyewe si ya kuitegemea. Waombaji wa London ya 2025 walizidi 840,000. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma kanuni za waandaaji kuhusu kuahirisha nafasi hadi mwaka unaofuata. Ukishapata uthibitisho wa usajili, uambatishe kwenye maombi ya viza, maana unaeleza vizuri unakwenda kufanya nini na lini.

Boston usiisumbukie kwa sasa. Wengi wanaokimbia pale wamefuzu kwa muda waliokimbia kwenye marathoni nyingine, na muda wenyewe si wa mchezo.

Sasa saa. Hapa ndipo watu waliojifua miezi minne wanapoumbuka. Berlin mwezi Septemba iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na Cape Town ni hivyo hivyo. London mwezi Aprili ni saa mbili. Mwili hautashtuka. Tokyo iko mbele kwa saa sita, na marathoni yake huanza saa tatu asubuhi na dakika chache, yaani saa tisa usiku ya Dar. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni hukohuko Tokyo, Septemba 2025, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, sisi tuliomfuatilia moja kwa moja tulikesha. Kukesha kwenye kochi ni raha. Kukimbia kilomita 42 saa hiyo, tumbo likiwa limelala, ni jambo jingine kabisa. Kanuni inayotumiwa na wengi ni siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki huchosha zaidi kuliko kwenda magharibi. Kama likizo yako ni wiki moja tu, Tokyo iache kwanza.

New York ina vituko vyake. Mbio hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba, na usiku wa kuamkia siku hiyo Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, kwa hiyo tofauti na kwetu inatoka saba hadi nane. Ukianza saa nne asubuhi ya huko, kwako ni saa kumi na mbili jioni. Ukitumia saa tano, unavuka mstari saa tano usiku ya Dar. Kuamka hakutakusumbua, kwa sababu utakuwa macho tangu usiku. Tabu ni kusubiri. Watu hupelekwa Staten Island mapema mno na hukaa nje kwenye baridi kwa saa kadhaa kabla ya kuondoka. Nenda soko la Karume ukanunue sweta zito la mtumba na suruali ya bei chee, vaa, kisha vivue muda wa kuanza ukifika. Nguo hizo hukusanywa na kupelekwa kwenye misaada. (Yawezekana sweta lilitoka hukohuko, litakuwa limerudi nyumbani.)

Viatu vya mbio na nguo za siku ya mbio zipande nawe ndani ya ndege. Begi likichelewa unaweza kununua mswaki. Viatu ulivyovizoea huwezi. Zile jeli za kuongeza nguvu zinahesabiwa kama vimiminika, kwa hiyo ukizibeba mkononi kila pakiti isizidi mililita 100. Usiku wa kuamkia mbio tafuta wali mweupe, na vyakula vipya vionje baada ya kumaliza.

Utalii nao uje baada ya mbio. Wageni wengi wanaokuja Kilimanjaro Marathon hukimbia Moshi Jumapili, ndipo wanapofikiria mlima au Ngorongoro. Wewe pia, siku mbili za mwanzo chukua namba yako ya kifuani, ambayo kwa kawaida huwezi kutumiwa wala kuchukuliwa na rafiki, kisha rudi chumbani ukanyooshe miguu. Jiji lichague kwa uzuri wake pia, kwa sababu mbio zinaweza kufutwa. New York ya 2012 ilifutwa siku mbili kabla, baada ya kimbunga Sandy. Cape Town ya Oktoba 2025 ilifutwa asubuhi yenyewe kwa sababu ya upepo, watu wakiwa wameshavaa. Aliyekuwa na hamu ya kuuona Mlima wa Meza hakurudi mikono mitupu.

Ndege ya kurudi usiikate ya jioni ya mbio. Lala angalau usiku mmoja, ikiwezekana miwili, kwa sababu kukaa kitini saa nyingi ukiwa umechoka na umepungukiwa maji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Chagua kiti cha njiani, kunywa maji, na uinuke kila baada ya muda hata kama mapaja yanalalamika. Na ukikutana na ngazi uwanjani, teremka kinyumenyume ukishika reli. Watu watakucheka, ila walio na medali shingoni watakuelewa.