Wasomaji Wanauliza: Saladi ya Viazi Inayolala Hadi Siku ya Shughuli

SWALI: Ndugu Mhariri, kila majira ya joto ukoo wetu hukutana kwa chakula cha mchana nje ya nyumba, na safari hii nimekabidhiwa saladi ya viazi kwa ajili ya watu wapatao 40. Ningependa kuimaliza kazi hiyo siku moja kabla, ili asubuhi ya shughuli niwe huru, lakini wifi yangu anashikilia kwamba saladi yenye mayonezi haifai kulala kwa kuwa mayonezi huchacha na kuwadhuru watu. Isitoshe, mara iliyopita nilipoiandaa mapema ilichuja maji, na viazi vikapondeka kama chakula cha mtoto. Je, wifi yangu ana haki, na mimi nilikosea wapi? – Mama wa watatu

JIBU: Dada yangu, iandae siku moja kabla bila wasiwasi. Saladi ya viazi ni miongoni mwa vyakula vichache ambavyo ladha yake huongezeka kwa kulala, mradi ilale kwenye jokofu. Wifi yako anastahili kusikilizwa kwa kuwa saladi hii imewahi kuwalaza wengi, ila amemtuhumu asiye na kosa. Mayonezi ya dukani huwa na siki au maji ya limau ya kutosha kuwafanya bakteria washindwe kustawi ndani yake. Vinavyowastawisha ni viazi vilivyochemshwa na mayai, ambavyo havina ukali wowote, pamoja na mikono inayovimenya na kuvikata vikiwa vimekwisha kupoa. Watu wengi wenye afya njema hubeba puani na kwenye ngozi bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye akiangukia kwenye chakula na kupewa joto na muda hutoa sumu isiyoondoka hata chakula hicho kikipashwa moto. Kwa hiyo nawa mikono vizuri, funika kidonda chochote cha kidoleni, na uchanganye kwa mwiko. Mayonezi ninayoiogopa mimi ni ile inayopigwa nyumbani kwa mayai mabichi, ambayo yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Kwa shughuli ya watu 40, wenye watoto na wazee ndani yake, nakushauri usiitumie kabisa.

Sasa tuje kwenye maji na kupondeka, kwa maana hapo ndipo saladi nyingi zinapoharibika. Chagua viazi vigumu ambavyo havina unga mwingi, kwa sababu vile vya unga, ambavyo ni vitamu sana kwa kuponda, hupasuka mara tu vinapoguswa na mwiko. Vianze kwenye maji baridi yenye chumvi, kwani ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka nje huiva na kuanza kumomonyoka wakati kiini bado ni kigumu. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita ya maji, maana asidi huchelewesha kuyeyuka kwa ile gundi ya asili inayoshikilia chembe za kiazi. Moto uwe wa wastani, maji yakitokota taratibu, na uepue pale ncha ya kisu inapopenya bila kukwama lakini kiazi chenyewe hakijaanza kupasuka. Ukisha kuvichuja, virudishe kwenye sufuria ile ile yenye moto, bila kifuniko, kwa dakika moja au mbili ili mvuke utoke wote. Utaona ngozi ya vipande inabadilika kutoka kung'aa na kuwa nyeupe yenye ukavu. Nadhani hatua hii uliiruka, na maji uliyoyakuta chini ya bakuli kwa sehemu yalikuwa ni hayo.

Vikiwa bado na joto, vinyunyizie vijiko vikubwa viwili vya siki kwa kila kilo pamoja na chumvi kidogo, kwa sababu kiazi chenye joto hunywa ladha hadi ndani, ilhali kilichopoa huiacha juu juu. Mayonezi isubiri: ikikutana na viazi vya moto hukatika, mafuta yakaelea peke yake. Baridi pia huigandisha wanga iliyomo ndani ya kiazi, hivyo kipande kilichopoa kabisa hustahimili kuchanganywa kuliko kilichotoka motoni.

Upoaji wenyewe unahitaji uangalifu zaidi ya unavyodhani. Kwa watu 40, iwapo kuna vyakula vingine mezani, gramu 150 za viazi kwa kila mmoja zinatosha, yaani kilo 6. Ukivijaza vyote kwenye beseni moja na kulisukuma ndani ya jokofu, pembeni patapoa, lakini katikati patabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu hilo ndilo bakteria wanalolitafuta. Vitandaze kwanza kwenye sinia pana, kisha uvigawe katika vyombo kadhaa kwa kina kisichozidi sentimita 5, na jokofu liwe kwenye nyuzi joto 4 za Selsiasi au chini ya hapo. Ni kweli kwamba vyombo hivyo vitachukua nafasi kubwa. Chupa za vinywaji na zihamie kwenye barafu.

Changanya mayonezi jioni hiyo hiyo viazi vikisha kupata baridi, kwa kadiri ya gramu 200 hadi 250 kwa kila kilo, lakini robo yake uiweke pembeni hadi asubuhi, kwa kuwa viazi vitaendelea kuinywa usiku kucha na saladi itaamka ikiwa kavu. Mayai ya kuchemsha yanaweza kuandaliwa siku hiyo na kubaki na maganda yake jokofuni. Matango, nyanya na kotmiri visiguswe hadi siku ya shughuli, maana chumvi huvuta maji ya mboga mbichi, na hiyo ndiyo sehemu ya pili ya lile dimbwi lako. Kitunguu kibichi kikilala humo hutawala saladi nzima. Kikate asubuhi na ukiloweke kwenye maji baridi kwa muda mfupi kabla ya kukichanganya. Mwisho onja tena, kwa sababu baridi hufifisha chumvi, na saladi iliyokolea jana jioni huenda leo ikawa imepooza.

Mezani, isikae nje zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likizidi nyuzi 32 usivuke saa moja. Hesabu hiyo ni ya jumla, ikijumuisha muda wa safari kama haikubebwa kwenye barafu. Pakua bakuli dogo lililokaa juu ya barafu na ulibadilishe kwa lingine likiisha, badala ya kuianika yote mbele ya wageni.

SWALI: Nina viazi vilivyookwa jana usiku vikiwa vimefungwa kwenye foili, na vimebaki juu ya meza ya jikoni. Je, naweza kuvitengenezea saladi? – Msomaji asiyependa kutupa chakula

JIBU: Hapana, vitupe. Foili huzuia hewa na kuhifadhi unyevu, na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, zinazotoka udongoni pamoja na kiazi, hazifi kwa joto la kuoka. Zikiachwa humo bila baridi zinaweza kuamka na kutoa sumu inayopoozesha misuli. Mwaka 1994, mjini El Paso nchini Marekani, watu 30 waliugua botulizimu, yaani ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, na chanzo kilikuwa rojo la kuchovya lililotengenezwa kwa viazi vilivyookwa na kuachwa ndani ya foili kwenye joto la kawaida. Kiazi cha foili hufunguliwa na kuliwa kingali moto, au hufunuliwa na kupelekwa jokofuni mara moja.

SWALI: Saladi ikibaki, naweza kuigandisha? – Mpishi wa jumuiya

JIBU: Ikigandishwa mayonezi hukatika na viazi hugeuka majimaji vinapoyeyuka, kwa hiyo usijisumbue. Ile ambayo haikutoka jokofuni hudumu siku 3 hadi 4 tangu ilipotengenezwa, wala si tangu siku ya shughuli. Iliyokaa mezani kupita muda nilioutaja hapo juu hairudishwi, hata kama harufu yake ni njema, kwani sumu ya bakteria wa ngozini haina harufu.