Jibu: Kamati ya afya ya mtaa inakutana, lakini kuhara hakupungui

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umeeleza kwamba kamati yenu ya afya hapo Lamu hukutana kila mwezi, ila watoto wangali wanaharisha na wakazi hawafuati mnayoyaamua.

Kabla ya kuitisha mkutano mwingine, fungueni madaftari ya wahamasishaji wa afya ya jamii. Kila mmoja wao hutembelea takriban kaya 100, kwa hiyo mkizipanga nyumba zenye wagonjwa mtaona upesi kama zinateka maji kisima kimoja. Kwetu katika mtaa wa Langoni ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa kisimani asubuhi nzima, tukaona kwamba kila aliyemaliza kuteka aliiacha kamba na ndoo chini, penye kinyesi cha punda, na anayefuata akaishusha ndoo ileile majini. Tulifunga kapi na ndoo moja ya kudumu, tukatia kifuniko, kisha tukamwomba ofisa wa afya ya umma ayapime maji na kutuelekeza kiasi cha klorini, kwani hicho si kitu cha kukisia.

Tazameni pia nani wamo katika kamati. Wanaoteka maji ni kina mama na vijana. Wasipokuwamo, uamuzi wenu hautatoka barazani, na kosa hilo lilitugharimu miezi mingi.

Mtoto anayeharisha apewe dawa ya pakiti ya chumvi na sukari (ORS) iliyochanganywa na maji, pamoja na zinki, na apelekwe zahanati bila kungoja kisima kitengenezwe.

Kuhusu posho za wanakamati sina uzoefu nazo; ulizeni ofisi ya afya ya kaunti ndogo.