Jibu: Lengo likiwa jema, mbinu ina shida gani?

Ndugu, umeuliza kwamba kama lengo ni jema, kuna haja gani ya kubishana kuhusu mbinu. Haja ipo, tena kubwa, maana mbinu ikizoeleka hugeuka yenyewe ikawa lengo.

Chukua Uingereza mwaka 1862. Serikali ilitaka watoto wajue kusoma, kuandika na hesabu, na fedha za umma zisipotee bure. Nani angepinga? Mbinu ikawa kuzipa shule ruzuku kulingana na mahudhurio na watoto waliofaulu mbele ya mkaguzi. Basi walimu wakawakaririsha watoto kitabu cha mtihani mpaka wakakijua kwa kichwa. Mkaguzi anasikia mtoto anasoma bila kukwama, kumbe ukimpa ukurasa asiouzoea anabaki kimya. Masomo yasiyolipiwa yakasukumwa pembeni. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo waziwazi, lakini ulidumu hadi miaka ya 1890.

Serikalini ni vivyo hivyo: mpime askari kwa idadi ya watu aliowakamata, atakamata wengi, usalama ubaki palepale.

Sisemi mitihani ifutwe. Ila kabla ya kupitisha kipimo chochote, uliza: je, mtu anaweza kukitimiza bila kulitimiza lengo? Njia hiyo ikiwepo, itapatikana haraka, hasa mshahara ukitegemea hapo. Na swali hilo waulizwe kwanza watekelezaji, kwa sababu wao huona ufa mapema kuliko sisi tunaopanga mipango.