Maswali ya jikoni Kigoma: ruzuku, dagaa na mafuta ya kambini

Dada, mimi ni mlengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hapa Mwanga. Ruzuku ikitoka nanunua sembe tu, tupate kushiba. Mwanangu wa miaka miwili anashiba, lakini nywele zimekuwa nyekundu na miguu imejaa. Jirani anasema karogwa.

Mama, mpeleke kituo cha afya leo, mengine utasoma ukirudi. Mguu ukibonyezwa ukabaki na shimo, yaelekea ni kwashiakoo, hata kama mashavu yanaonekana yamenona. Watampima mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Lakini mwenye uvimbe wa utapiamlo hutibiwa hata utepe ukisoma kijani. Usijaribu kumfidia nyumbani kwa kumshindilia chakula, mwili wake kwa sasa haukiwezi.

Kuhusu sembe sikulaumu. Malipo yanapishana miezi miwili, na mwenye watoto lazima awaze kwanza debe litafika lini mwisho. Ila sembe imekobolewa: pumba na kiini, penye vitamini B na madini mengi, vimebaki mashineni, na kukoboa kwenyewe umekulipia. Saga dona ya mahindi makavu yasiyo na ukungu, na hela iliyobaki iwe ya dagaa. Watwange na vichwa na miiba yao, maana kalsiamu imo humo, umchanganyie mtoto kwenye mboga. Hata kiasi kidogo kila siku kinasaidia.

Halafu mawese. Sijui nani alitufundisha watu wa Kigoma kuyaonea haya mawese yetu na kukimbilia mafuta meupe. Wekundu ule ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A. Kijiko kimoja kwenye mboga ya mtoto kinatosha, na usiyachome jikoni mpaka yapoteze rangi. Matone ya vitamini A ya Juni na Desemba apewe vilevile, kama anavyoelekezwa kliniki.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Ujiji. Napata mafuta na unga wa msaada uliotoka kambini, kwa bei nafuu. Vina ubora?

Shikamoo mzee. Mafuta ambayo Shirika la Chakula Duniani (WFP) hugawa kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu huongezwa vitamini A na D, na ule unga wa uji wa mahindi na soya una vitamini na madini. Ubora upo, mfuko ukiwa bado umefungwa. Uliofunguliwa ukapimwa kwa kopo na kushinda juani, huo hakuna anayeujua. Mimi nisingenunua, kwa sababu nyingine: mgao wa wakimbizi umepunguzwa mara kadhaa kwa upungufu wa fedha, na anayeuza chake mara nyingi anatafuta sabuni au kuni, si kwamba kimemzidia.

Vile vipakiti vya karanga iliyosagwa usimnunulie mjukuu kabisa. Ni chakula dawa cha utapiamlo mkali, na hutolewa kwa kipimo kliniki.

Ziwa likifungwa kwa wavuvi, dagaa hawashikiki bei. Tule nini?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo nunua wakavu mapema uwahifadhi pasipo unyevu. Wakiisha, maharage na karanga. Maharage yaliwe na chungwa, pera au limau ili mwili upate madini chuma, na chai isubiri saa moja hivi baada ya kula, maana inayazuia madini hayo.

Uji wangu wa lishe una nafaka saba, soya na karanga, lakini mtoto anaharisha.

Naishuku soya. Ikisagwa mbichi inasumbua tumbo. Ichemshwe, imenywe, ikaushwe ndipo isagwe. Nafaka saba za nini? Mahindi au ulezi, pamoja na karanga zilizochambuliwa, vinatosha. Saga kidogo kidogo. Akiendelea kuharisha, hospitali.

Shule ni bure, mbona tunadaiwa mahindi?

Kilichofutwa 2016 ni ada na michango ya lazima. Chakula cha mchana huwa ni makubaliano ya wazazi kwenye mkutano, ule ambao wengi hatuendi. Kama huna fedha, uliza kama wanapokea mahindi au maharage. Kama huna hata hayo, mwone mwenyekiti wa kamati ya shule kabla muhula haujafunguliwa.