Kadi nimeitia rangi, sasa naona haya kuituma

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mshonaji hapa Majengo, Mombasa. Usiku nikishafunika cherehani, usingizi haunijii upesi. Mwezi uliopita binti yangu aliletewa pakiti ya postikadi za kutia rangi, zimechorwa mistari mitupu: Ngomeni (Fort Jesus), mashua, vichochoro vya Mji wa Kale. Nikamwomba moja. Nilikaa nayo saa nzima bila kushika simu, kisha nikalala. Sasa nimemaliza nne. Nia yangu ni kumpelekea dada yangu, ambaye huu ni mwaka wa sita yuko Dubai. Utotoni tulilala kitanda kimoja. Lakini nikizitazama asubuhi naona haya. Rangi imetoka nje ya mistari, mbingu imechafuka kwa kiganja changu, na ile niliyotumia rangi ya maji imejikunja. Mume wangu ananiambia hayo ni mambo ya watoto wa chekechea. Nifanyeje?
Mshonaji, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zipeleke zote nne, hata hiyo iliyojikunja. Iweke kati ya karatasi mbili safi, uilalishe chini ya vitabu vizito siku mbili tatu. Safari ijayo, ukitaka rangi ya maji, bandika kingo za kadi juu ya ubao kwa tepu ya karatasi kabla hujaanza, na usiibandue mpaka ikauke kabisa.

Hilo la chekechea nalijibu kwa habari za marehemu baba yangu. Alikuwa fundi wa studio, enzi za picha nyeusi na nyeupe. Bibi harusi akitaka rangi, baba alizungushia pamba kwenye kijiti, akachovya rangi ya mafuta, akaanza na mashavu. Mtu mzima, mwenye ndevu, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Nilikuwa nikikaa kando ya meza yake, nikimsikia akimuuliza mwenye picha: leso ilikuwa ya rangi gani? Bangili ni dhahabu au fedha? Picha yenyewe haikuweza kumwambia. Alihitaji mtu aliyekuwapo.

Hapo ndipo nataka utulie. Kadi za zamani za miji mingi duniani, zile za mwanzoni mwa karne ya 20, zilichapwa Ujerumani kutokana na picha nyeusi na nyeupe. Mara nyingi aliyetia rangi hakuwahi kufika mahali penyewe, akakisia. Wewe hukisii. Unajua ukuta wa Ngomeni unavyogeuka alasiri, jua likiupiga, ukawa kama ganda la embe lililoiva. Unajua ni mlango gani wa kichochoroni kwenu uliopakwa kijani. Na dada yako anaujua vilevile. Akiuona kijani ule ule, hatahitaji kusoma jina lako nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kushika penseli, toka ukatazame. Ukuta wa chokaa tunauita mweupe, lakini kivulini unaingia buluu, na chini karibu na ardhi, baada ya mvua kubwa, unaingia kijani cha ukungu. Nilipoanza kuviona hivyo vivuli nilipita barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, kama mgeni, kila hatua nasimama.

Sasa mkono. Joto letu hili halikauki, na jasho la kiganja ndilo linalochafua mbingu. Weka karatasi safi chini ya mkono, na kama watumia mkono wa kulia, anzia juu kushoto ushuke. Penseli usiikandamize. Tabaka tatu nne nyepesi zinashikana. Ukikandamiza, nta iliyomo kwenye penseli inang'aa, na rangi ya pili inateleza tu. Kadi zenye mng'ao ziepuke, baba naye alikataa karatasi ya mng'ao kwa sababu hiyo hiyo. Kalamu za wino zijaribu pembeni kwanza, nyingine hupenya hadi upande wa maandishi.

Kutoka nje ya mistari? Acha. Jicho lako limezoea kusaka mshono uliopinda kwa sababu mteja amelipia unyoofu. Dada yako hajakulipa. Anataka kuona mkono wako ulipopita.

Ujumbe andika kushoto, anwani kulia. Kule Dubai barua huenda kwenye sanduku la posta, basi muulize namba ya sanduku la mwajiri wake. Na kwa kuwa sanduku hilo si lake peke yake, zitie kadi kwenye bahasha. Hata rangi ya penseli itasalimika na msuguano wa njiani. Usiandike habari za pesa. Mwandikie nani kajifungua, nani kahama, muembe wa jirani umezaa au bado.

Kisha chukua ya tano, ile yenye mashua. Itie rangi nusu: nyumba, ukuta, watu walioketi barazani. Bahari iache mistari mitupu. Ifunge pamoja na penseli mbili za buluu, moja nzito na moja nyepesi, na umwambie upande wa maji ni wake, akimaliza airudishe.